Chumvi Iliyo Juu ya Mlima

Mtu anayetoka Beni kuelekea Kasindi asubuhi na mapema, siku ambayo mvua imenyesha usiku kucha na mbingu zimetakata, huona upande wake wa kushoto kwanza ukuta mweusi wa milima, kisha ukanda wa mawingu, na juu ya mawingu kitu cheupe kisicho wingu. Kitu hicho huonekana nusu saa, pengine saa moja. Halafu ukungu wa bonde la Semliki hupanda na kukifunika, hata msafiri aliyesinzia garini huapa kwamba hapakuwa na kitu. Ndiyo Ruwenzori. Watu wengi wamepita chini yake miaka na miaka, wakauza na kununua, wakaoa na kuzika, pasipo kujua kwamba kichwani pake pana barafu.

Hata Stanley, msafiri yule mwenye macho makali, alipita karibu asiione. Ndipo siku ya 24 Mei 1888 kijana mmoja wa msafara wake alipomwonyesha kwa kidole mlima wa mbali, akamwambia kwamba watu husema umefunikwa na chumvi. Sisi tunampenda kijana yule. Hakusema uongo. Aliona kitu asichokuwa na jina lake, akakipa jina la kitu kilichomo jikoni mwa mama yake: cheupe, kikavu, chenye kung’aa juani. Habari ya majina ndiyo hiyo inayotufanya tushike kalamu leo, kwa maana na sisi tulipanda mlima ule tukiwa hatuna majina.

Ilikuwa mwezi wa Julai 1987, nchi yetu ilipokuwa ingali ikiitwa Zaire. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili wa seminari ndogo, na Padri aliyetufundisha jiografia alituahidi jambo ambalo hakuna mwalimu mwingine aliyepata kutuahidi: kwamba atatupeleka tuguse barafu ya mlima kwa mikono yetu. Sababu yake ilikuwa hii. Kila Dominika asubuhi, katika sala ya masifu, tuliimba wimbo wa wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli waliotupwa katika tanuru la moto. Katika wimbo ule viumbe vyote huitwa kimoja kimoja vimhimidi Bwana, na kati yao baridi, sakitu, barafu na theluji. Siku moja Padri alifunga kitabu, akatutazama kwa muda, akasema: «Kila juma mnaialika theluji imsifu Mungu kwa sauti kubwa, wala hapana hata mmoja wenu aliyepata kuiona. Mnaalika wageni msiowajua. Na wageni hao ni jirani zetu, wanakaa siku chache tu za njia kutoka hapa!»

Basi akanunua daftari nene, akalipiga mstari katikati ya kila ukurasa. Upande wa kushoto aliandika maneno ya wataalamu wa barafu, wa ardhi iliyoganda na wa tabia ya nchi. Upande wa kulia aliuacha mtupu. «Upande wa kulia ni kazi yenu,» akasema.

Tulianza na yale tuliyodhani tunayajua. Barafu ni nini? Tukajibu upesi kwamba ni maji magumu yatokayo katika frigo. Na theluji? Hapo tulinyamaza. Padri akatueleza kwamba neno barafu asili yake ni kwa Waajemi, nao kwao hulitumia kwa ile nyeupe inayoanguka kutoka mbinguni, ndiyo theluji yetu. Nalo neno theluji limetoka kwa Waarabu, ambao kwa neno hilo huita yote mawili, iangukayo na iliyoganda. Watu wa pwani waliyapokea maneno yote mawili kwa wafanya biashara wa baharini, wakayagawia kazi: theluji ikawa ile laini, barafu ikawa ile ngumu. Nao waliogawa hivyo hawakuwa na moja wala nyingine katika nchi yao ya minazi! Ndivyo lugha inavyofanya mara nyingine. Hupokea sahani kabla ya kupata chakula cha kuitilia.

Tulifika Mutwanga jioni. Mzee aliyekuwa atuongoze alikuwa Mnande wa miaka kama sitini, mwembamba, mwenye koti la mvua lililoachwa na mzungu fulani zamani. Padri akamwuliza katika lugha yao: ile nyeupe ya juu inaitwaje? Mzee akajibu neno moja tu: nzururu. Na mahali pake? Rwenzururu. Ndugu zao Wakonjo, walio upande wa Uganda, husema vivyo hivyo. Padri akaandika NZURURU kwa herufi kubwa juu ya ukurasa wa kwanza, kisha akatugeukia kwa haya kidogo. Alikuwa amenunua daftari zima ili kutafuta maneno, na neno la kwanza lilikuwapo Mutwanga siku zote.

Jambo hilo lilimfurahisha kuliko lilivyomwaibisha, na njiani aliturudia mara nyingi kwa somo lilo hilo. Msidhani, alisema, kwamba wataalamu waliyabuni maneno yao wakiwa mezani. Moreni, ndiyo lundo la mawe na mchanga ambalo barafu hulisukuma na kuliacha, ni neno la wachungaji wa Savoie katika milima ya Alpi. Bwana de Saussure wa Geneva alilisikia kwao, akalitia katika vitabu. Seraki, ndiyo minara ya barafu inayosimama panapo mteremko mkali na kuanguka kwa kishindo, ni jina la jibini nyeupe inayovunjika vipande vipande, ambayo wake wa wachungaji walew ale waliitengeneza. Firni, ambayo ni theluji iliyokwisha kukaa mwaka mzima isiyeyuke, kwa wakulima wa Uswisi ni neno la kila siku, maana yake «ya mwaka jana», kama vile mama zetu wasemavyo maharage ya mwaka jana. Na Wainuit wa kaskazini, wawindaji wa sili, wamewapa wataalamu nunataki, kilele cha mwamba kinachotokeza katikati ya barafu, na pingo, kilima chenye moyo wa barafu ndani ya udongo. «Sayansi ya barafu,» alisema Padri akihema kwenye mteremko, «imejaa maneno ya watu waliokuwa na baridi miguuni.»

Siku ya kwanza tulilala Kalonge, kama meta 2,100 juu ya bahari. Siku ya pili Mahangu, karibu meta 3,300. Hatutaeleza kila tope tulilokanyaga. Msitu ulikwisha, mianzi ikaja. Mianzi ikaisha, ikaja miti ya erika, ambayo kwingine ni kijiti cha kufagilia lakini huku ni mti mrefu kuliko nyumba, nao umevikwa kuvu na ndevu za kijani zidondokazo maji mchana na usiku. Tulitembea juu ya mizizi zaidi kuliko juu ya nchi. Mwenzetu mmoja alipotumbukia hadi kiunoni, wachukuzi walimtoa kama muhogo. Njia hii ya upande wetu ni ya zamani: Mjerumani Stuhlmann aliipanda mwaka 1891 hata kiasi cha meta 4,000, na mwaka 1932 msafara wa kisayansi wa Wabelgiji, ukiongozwa na Xavier de Grunne, ulikaa huko ukipima na kuchora. Juu zaidi miti ya kawaida haipo tena. Kuna lobelia zisimamazo kama mishumaa ya Pasaka, na senesio zenye shina nene ambazo haziangushi majani yao yaliyokufa, bali huyavaa kama koti. Mzee alitwambia tutie mkono ndani ya koti hilo. Kweli, palikuwa na joto kidogo.

Jioni ya siku ya tatu tulifika Kiondo, zaidi ya meta 4,000, na huko ndiko daftari lilikoanza kujaa.

Usiku ule hatukulala. Tulisongamana kumi na wawili chini ya mablanketi, na maji katika sufuria yalipata utando mgumu ambao mmoja wetu aliupasua kwa kijiko, akautafuna, akatangaza kwamba hauna chumvi. Lakini ajabu yenyewe tuliiona alfajiri, nje ya nyumba. Njia ya udongo tuliyoikanyaga jana ikiwa matope, sasa ilikuwa imeinuka. Tulipoweka mguu, ilivunjika kwa sauti kama ya vioo vidogo. Padri akapiga magoti, akainua ganda la udongo, na chini yake tukaona maelfu ya sindano za barafu, nyembamba, zimesimama wima zikibanana, kila moja imebeba kichwani chembe yake ya mchanga. Mzee, ambaye aliziona tangu ujana wake, alisema tu: «Usiku ardhi huota meno.» Basi katika daftari, upande wa kulia, pakaandikwa: meno ya ardhi. Hata leo hatujapata neno lililo bora kuliko hilo.

Kazi ya meno hayo ni kubwa kuliko umbo lake. Usiku, baridi ishikapo uso wa udongo, maji yaliyo chini huvutwa kwenda juu mahali panapoganda, nayo yakifika huganda na kusukuma yaliyotangulia. Hivyo sindano hukua kutoka chini, ikiinua mchanga na vijiwe. Jua likitoka huyeyuka, na chembe ile huanguka, si pale ilipoinuliwa, bali kidogo upande wa bonde. Kesho tena. Katika nchi za Ulaya baridi huja mara moja kwa mwaka, ikakaa. Huku juu, karibu kabisa na ikweta, huja kila usiku na kuondoka saa tatu asubuhi. Kwa hiyo mteremko mzima hutembea polepole sana, na mche mdogo hung’olewa kabla haujashika mizizi. Tulipojua hayo tuliacha kushangaa kwa nini mahali pengine pa mlima ule ni patupu, ingawa mvua ni nyingi mno.

Mmoja wetu akauliza kama kuna nchi ambako meno hayo hayang’oki kamwe. Hapo Padri alikaa juu ya jiwe, akasahau chai yake. Iko, akasema, na ni kubwa: Siberi, Alaska, kaskazini ya Kanada. Wataalamu huita permafrosti ardhi yo yote inayokaa katika baridi ya kugandisha, digri sifuri au chini yake, kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Si lazima iwe na barafu ya kuonekana. Hata mwamba mkavu huhesabiwa, maana neno hili latazama baridi, halitazami maji. Katika mji wa Yakutsk mtu mmoja, Shergin, alianza mwaka 1828 kuchimba kisima ili apate maji ya kunywa. Akachimba hata mwaka 1837, meta 116 chini, naye alikuwa angali ndani ya ardhi iliyoganda. Maji hakuyapata, lakini shimo lake likawa maarufu kwa wataalamu, wakateremsha vipima-joto ndani yake. Tulicheka sana habari ya kisima kisicho na maji. Tukaandika: ardhi iliyoganda daima. Leo tungelisahihisha neno «daima», kwa kuwa huko kaskazini ardhi hiyo imeanza kulegea, nyumba zinapinda, na katika udongo ule mmefungwa mabaki ya majani na wanyama yenye kaboni kadiri ya mara mbili ya ile iliyo hewani. Ikiyeyuka huoza, nayo ikioza hutoa hewa inayozidisha joto.

Asubuhi hiyo hiyo tulipanda Wusuwameso, ncha ya mwamba iliyo juu ya Kiondo. Ukungu ulikuwa umejaa. Tulikaa, tukasali rozari, tukala maharage baridi. Kisha, pasipo upepo wo wote, pazia likafunguka.

Hatuwezi kusema ilikuwa kama kitu gani. Mbele yetu, ng’ambo ya bonde, ulisimama mlima Stanley wote: vilele vya Alexandra na Margherita, ambavyo mtawala wa Abruzzi wa Italia alivipanda wa kwanza mwezi wa Juni 1906 na kuvipa majina ya malkia wawili. Margherita ina meta 5,109, na mpaka wa nchi yetu na Uganda unapita hapo juu. Hakuna mahali pa juu kuliko hapo katika Kongo yote. Chini ya vilele barafu ilining’inia juu ya mwamba mweusi. Haikuwa nyeupe tu, kama tulivyodhani. Juu ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho, katikati kijivu, na ndani ya nyufa zake buluu. Mzee alivua kofia. Wazee wa zamani walisema kwamba mwenye mlima, Kitasamba, anakaa katika nzururu ile. Mzee alikuwa Mkristo wa miaka mingi, lakini kofia aliivua, wala Padri hakumwuliza kwa nini.

Hapo ndipo tulipopata somo letu kuu. Barafu ya mlima, alisema Padri, haikai, inatembea. Theluji huanguka juu, hulaliwa na theluji nyingine, nyota zake ndogo huvunjika kuwa chembe, ndiyo firni. Firni nayo hubanwa hata hewa iliyo kati ya chembe hufungiwa katika vipovu, na hapo ndipo iitwapo barafu kamili. Ikiwa nene ya kutosha, uzito wake mwenyewe huisukuma ishuke kama uji mzito sana. Hiyo ndiyo inayostahili kuitwa mto wa barafu, ambao siku hizi huitwa pia barafuto. Isiyotembea tena, wataalamu huiita barafu mfu.

«Nanyi mwajua hesabu ya nyumba,» akaendelea. «Baba huleta mavuno, nyumba hula. Barafu nayo ina ghala yake juu, ambako theluji iingiayo ni nyingi kuliko ipoteayo. Na ina mdomo wake chini, ambako hutoka zaidi kuliko kuingia. Kati yao kuna mstari wa usawa. Mstari ukipanda mlimani, ghala hupungua. Ukipita kilele, ghala hakuna tena, na nyumba inakula mbegu.» Tena inapotea kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuyeyuka, ambako kila mtu anakujua. Ya pili ni kugeuka mvuke moja kwa moja pasipo kuwa maji, kama ile naftalini tunayoitia katika sanduku la nguo: leo ipo, baada ya miezi haipo, na nguo hazikulowa. Akatwambia na juu ya albedo, neno la Kilatini lenye mzizi mmoja na alba, kanzu nyeupe ya padri: ni kipimo cha mwanga ambao kitu huurudisha. Theluji mpya huurudisha karibu wote, sehemu 80 hata 90 katika 100. Barafu iliyochakaa na kuingiwa na vumbi huenda ikarudisha 30 tu, nao uliobaki huunywa na kuwa joto. Kwa hiyo barafu iliyovuliwa kanzu yake ya theluji huyeyuka upesi zaidi.

Tulipoona zile nyufa za buluu, Padri alisema kwamba Wafaransa huziita krevasi, neno lilo hilo walitumialo kwa mipasuko ya ngozi ya visigino wakati wa baridi. Mwenzetu mmoja, mtoto wa wakulima, akaruka: «Basi Padri, hayo ni magaga!» Tulicheka hata Mzee akacheka. Tulidhani ataandika. Lakini Padri alifunga daftari. «Hilo tutaliandika kesho,» akasema, «tukiwa tumesimama ukingoni mwake. Msikipe kitu jina mkiwa mbali nacho hivi.» Maneno mengine matano au sita aliyaacha wazi kwa sababu hiyo hiyo.

Kesho haikuwapo. Usiku ule yule mwenzetu wa magaga alianza kuumwa kichwa, kisha kutapika, na kabla ya mapambazuko alikuwa akiyumba kama mlevi na kutujibu maneno yasiyo na maana. Mzee alimtazama kwa mwanga wa koroboi, akamwambia Padri: «Mtoto huyu ashuke sasa. Si jua likitoka. Sasa.» Ugonjwa wa kimo hauna dawa iliyo bora kuliko kuteremka. Kiongozi alikuwa mmoja tu, naye pasipo yeye hatukuweza kwenda mbele. Wachukuzi walihitajiwa kumbeba mgonjwa. Basi tukashuka sote.

Ni haki tukiri kwamba tulinung’unika. Tulikuwa vijana, tumetembea siku tatu, na saa chache mbele yetu ilikuwapo nyumba iitwayo Moreni, na baada yake barafu yenyewe. Wengine wetu hawakumsemesha mgonjwa hata Mahangu, ambako alikwisha kuanza kupona na kuomba chakula, jambo lililotukasirisha zaidi. Padri alitambua. Akatukusanya, akasema: «Barafu ile ilikuwapo kabla ya babu wa babu zenu. Itawangoja. Mkiwa watu wazima mtarudi na watoto wenu, mtajaza daftari.» Akampa daftari mgonjwa alitunze, ndiyo iliyokuwa adhabu yetu.

Tazameni sasa. Mwaka ule ule wa 1987, pasipo sisi kujua, setilaiti ilikuwa ikipita juu ya vichwa vyetu, na baadaye wataalamu walipima katika picha zake barafu yote ya Ruwenzori: kiasi cha kilometa mraba 2. Mwaka 1906, katika siku za Abruzzi, ilikuwa kama kilometa mraba 6 na nusu, vipande zaidi ya 40 juu ya milima sita. Kumbe ile iliyotufanya tunyamaze pale Wusuwameso ilikuwa masalio, hata theluthi haikufika! Mwaka 2003 ilibaki chini kidogo ya kilometa mraba 1. Siku hizi haifiki nusu yake. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu za milima ya Afrika zilizo katika urithi wa dunia huenda zikatoweka zote kabla ya 2050, na Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 2025 kuwa mwaka wa kuzihifadhi barafu za dunia.

Wengine watauliza: je, si hali ya hewa tu, ambayo leo ni hivi na kesho vile? Katika daftari tulikuwa na neno hilo. Hali ya hewa ni ya siku. Tabia ya nchi huhesabiwa kwa desturi katika miaka 30, kama vile tabia ya mtu haijulikani kwa siku moja ya hasira yake. Na hapa tuna zaidi ya miaka 100. Zamani sana barafu ya Ruwenzori ilishuka katika mabonde hata karibu na meta 2,000, na moreni zake za kale zingaliko huko chini, zimeota msitu. Kisha ikapanda yenyewe, pasipo kosa la mtu. Tena mwisho wa karne ya 19 Afrika ya Mashariki ilipata ukame uliopunguza theluji, na wataalamu wamebishana sana kadiri ya lawama ya ukame na kadiri ya lawama ya joto. Mabishano hayo tunayaheshimu. Lakini kwamba hewa ya dunia inapata joto kwa moshi wa makaa, mafuta na misitu inayochomwa, hilo halibishaniwi tena, na barafu ndogo iliyo karibu na ikweta haina majira ya baridi ya kuiponya.

Tusitiane hofu ya bure, hata hivyo. Tumesikia watu wakisema kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Waliopima mito ya Ruwenzori wamekuta kwamba maji yatokayo katika barafu ni sehemu ndogo mno. Mito yetu hulishwa na mvua, na ile milima ya tope na kuvu tuliyoilaani njia nzima ndiyo inayoyahifadhi maji na kuyatoa polepole. Anayetaka kuutunza mto na aitunze misitu ya erika.

Hatukurudi na watoto wetu. Kwanza zilikuja vita, kisha tangu 2014 watu wa Beni na vijiji vyake wameona mauaji ambayo hatuna nguvu ya kuyasimulia hapa. Hata upande wa Mutwanga wengi wamezika jamaa zao na kukimbia mashamba yao ya kakao na kahawa. Mwenye kufikiri juu ya barafu wakati huo angeonekana mwenda wazimu. Padri alifariki, na Mzee pia. Sisi kumi na wawili tumebaki tisa.

Mwenzetu wa magaga ni baba wa watoto sita sasa, naye daftari analo bado, limefungwa katika mfuko wa plastiki kwa ajili ya mchwa. Mwezi uliopita alitualika kwake. Binti yake mdogo, wa darasa la tano, alilifungua akasoma kwa sauti: nzururu, meno ya ardhi, ghala ya theluji, barafu mfu. Akauliza kwa nini mistari mingine ni mitupu. Baba yake akamwambia kwamba yale yalikuwa ya kuandikwa kule kule juu. Mtoto akatafuta kalamu, akamtazama, akauliza kama aandike magaga. Baba yake alifikiri kidogo, akamwambia aiache ilivyo.